Siku Mama Bluu Aliposoma Daftari Lake

Mwanamke ninayemwandika hapa nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa katika chumba kimoja, yeye kwenye masinki, mimi kwenye pasi. Ni chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma ya jiko, chenye madirisha ya juu yasiyofunguka na sakafu ambayo sijawahi kuiona imekauka. Mimi waliniita Mama Pasi. Yeye walimwita Mama Bluu, maana kwake shuka jeupe halijawa jeupe mpaka litiwe bluu kidogo katika suuzo la mwisho. Bluu ya hospitali ikiisha, alikuja na ya kwake kwenye mkoba.

"Jeupe bila bluu," alikuwa akisema, "ni sawa na mtu aliyeamka asinawe uso."

"Wewe utafua mpaka siku ya kiyama," mzee wa boila, aliyetuchemshia maji, alimtania. "Malaika watakukuta umewaanikia mabawa yao."

"Wayalete tu. Ila wasije na matope."

Hivyo ndivyo tulivyoishi mle ndani, kwa utani na jasho.

Mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa ya Mama Bluu. Wengine tuliyakimbia, yeye aliyapokea kwa mikono miwili. Ndiye aliyetufundisha kwamba damu haipelekwi maji ya moto, kwani moto huipika ikashika kwenye uzi isitoke tena. Maji ya baridi kwanza, chumvi kiganja kimoja, uache ilale, halafu ndipo sabuni. Na alijua kuisoma damu. Alikunjua shuka, akalitazama kidogo, akasema, "Huyu kajifungua salama, Mungu ashukuriwe." Au hakusema kitu, akalizamisha haraka, na sisi tukajua huko wodini kuna kilio.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba hakuwa mjinga wa damu. Ndiyo maana jambo lenyewe ni zito.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyempata wakati watu wamekwisha kumkatia tamaa. Binti akaolewa na fundi wa kuchomelea mageti, kijana mpole mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Akapata ujauzito, akajifungua mtoto wa kike hapa hapa hospitalini kwetu, na kesho yake akaruhusiwa kwenda kupumzika kwa mama yake. Siku ya tatu asubuhi damu ikazidi. Mama Bluu akamtuma jirani amwite Sista, muuguzi wa wodi ile ile ya wazazi, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili. Sista akaja, akamwangalia, akasema apumzike, anywe maji sana, damu ikizidi apelekwe wodini mara moja. Kisha akaenda zamu yake. Saa nane mchana binti akakata roho kitandani, mkono wake uko ndani ya mkono wa mamake.

Tulimzika kesho yake. Mtoto mchanga alibaki kwa bibi, kwa kuwa baba yake alishinda karakana kutwa nzima. Sote tulimwita Kipusa, na bibi yake alimlea kwa maziwa ya kopo na macho makavu.

Na Sista je? Watu walisema, nesi alikuja, akaona, akaondoka. Mamake fundi, mwanamke mwenye sauti na asiyekubali kupuuzwa, akaandika malalamiko. Hospitali ikaketisha watu watatu mezani, wakawaita wahusika mmoja mmoja. Sista akaondolewa wodini uchunguzi ukiendelea, akawekwa chumba cha mafaili. Uchunguzi ule sijui uliendelea wapi, maana miaka minne baadaye alikuwa bado anapanga mafaili. Kanisani watu walimwona amekaa benchi hili, wao wakaenda kukaa lile. Mwishowe akaacha kuja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wa waliohama benchi.

Daftari nililiona kwa bahati mbaya. Tulikuwa na daftari la mashuka, yameingia mangapi, yametoka mangapi, na siku hiyo Mama Bluu alikuwa ametoka kwenda kuanika. Nikalitoa mkobani mwake, jalada la kijani kama lile tunalolijua, nikafungua nijaze. Nikasoma hivi:

"Bwana, leo nimefua mashuka mia na manne. Yote yametakata. Mimi bado."

Ningefunga hapo. Nikageuza ukurasa.

"Bwana, Kipusa ameniuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Nimemwambia alikuwa mcheshi. Sikumwambia kwamba alinishika gauni akasema mama usiniache mchafu, na mimi nikaona hilo ndilo la kushughulikia."

Nilipoinua macho alikuwa mlangoni, beseni kiunoni.

"Umesoma?"

"Kidogo. Nilidhani ni la mashuka."

Alitua beseni. Nilingoja anigombeze, nami ningestahili. Akafunga mlango, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Basi soma yote," akasema. "Maana mdomo wangu hauwezi."

Nilikaa juu ya furushi la mataulo nikasoma mpaka mwisho. Baadaye aliniambia alivyoanza. Tangu siku ya mazishi, akipiga magoti hakuna neno lililotoka. Alifungua mdomo, akaufunga. Yeye aliishia darasa la saba kama mimi, kalamu si rafiki yake, lakini aligundua mkono unaweza kusali pale ulimi uliposhindwa. Miaka minne aliandika sala, mistari mitatu au minne kwa siku, zote zikizunguka jambo moja kama nzi.

Jambo lenyewe ni hili.

Asubuhi ile binti alipoanza kuvuja, Mama Bluu alitandua shuka akatandika jingine. Likalowa. Akatandika jingine. Akafika mara saba, na alipoishiwa mashuka yake akachukua ya jirani. Kila lililotoka alilipeleka nyuma ya nyumba, maji ya baridi, chumvi, lilale. Alipokwisha kumtuma mtu kwa Sista, akaona bado ana dakika chache. Akamwosha binti, akamvika gauni safi, akapiga deki sakafu, akafungua dirisha hewa ipite. Binti mwenyewe alimwomba, "Mama, Sista asinikute hivi." Na nyumba ya dobi haikutwi na shuka chafu. Hivyo Sista alipoingia alikuta chumba kinanukia sabuni, na mzazi amelala juu ya shuka lisilo hata doa.

Akauliza, "Damu nyingi?"

Mama Bluu akajibu, "Ya kawaida tu, Sista, ya uzazi."

"Amebadilisha mara ngapi?"

"Mara mbili hivi."

Mashuka saba yalikuwa yamelowekwa hatua kumi kutoka pale aliposimama.

Na mbele ya wale watu watatu wa hospitali, walipomwuliza kama Sista alionyeshwa damu, alisema, "Aliona kila kitu." Akatia sahihi.

Nilipomaliza kusoma, pasi yangu ilikuwa imepoa. Kilichonitoka kilikuwa neno la woga. Nilimwambia, "Shoga yangu, funika kombe mwanaharamu apite. Umeshamwambia Mungu, inatosha. Kipusa yuko mikononi mwako. Ukilisema hili, mkwe wako atakuachia mtoto?"

"Hataniachia."

"Basi?"

"Basi na Sista ananisubiri."

"Anakusubiri wapi? Hajui lolote."

"Anajua hakuonyeshwa kitu. Na anajua nilisema ameonyeshwa."

"Mwendee nyumbani kwake basi. Mwambie pembeni, mlie, muishe."

Akatikisa kichwa. "Nikimnong'oneza kwake nitakuwa nimejisafisha mimi, yeye amebaki vile vile. Alihamwa mbele za watu, Mama Pasi. Nataka nisome pale pale mlipomhama."

Alisema mlipomhama.

Tukakubaliana kusali kila saa ya chakula. Mashine zikizimwa tulipiga magoti juu ya furushi la mashuka makavu, boila ikinguruma ukutani. Siku moja mzee wa boila alichungulia.

"Leo mnaomba nini, mvua au nyongeza ya mshahara?"

"Tunaomba miguu," Mama Bluu alimjibu bila kufumbua macho.

"Hiyo uliyonayo ina kasoro gani?"

"Haifiki."

Mzee akacheka, akarudi kwenye mitambo yake. Angejua asingecheka, kwa sababu ni mtu mwenye huruma.

Wiki ya kwanza tuliomba woga uondoke. Haukuondoka. Jumapili alfajiri alitapika, akalala kitandani mpaka ibada ikaisha. Wiki ya pili tuliomba ishara, na nilikuwa nikiitafuta kila mahali, hadi kwenye mikunjo ya foronya. Hakuna. Mimi moyoni nikafurahi kidogo, nikasema huenda Mungu naye anaona bora kombe lifunikwe.

Wiki ya tatu hakuomba kitu. Alipiga magoti, akafungua daftari, akaanza kumsomea Mungu kwa sauti yale aliyokuwa amemwandikia. Siku ya kwanza sauti ilimkatikia kwenye neno saba. Siku ya pili ikamkatikia hapo hapo. Siku ya tatu akalivuka, akakwama mbele, kwenye sahihi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, nimeshika ncha ya aproni yake kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Siku ya nne alifika mwisho. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na chumba hakikuwa na joto, tulishazima.

"Nilikuwa naomba aniondolee woga," akasema. "Naona hataki. Basi nitakwenda nao. Utakaa benchi moja na mimi."

Kanisani kwetu mama anayetaka kutoa ushuhuda hupeleka kwanza karatasi kwa mwenyekiti wa akina mama. Mwenyekiti wetu ni muuza vitambaa, mtu wa utaratibu, si mtu mbaya. Tulimkuta dukani kwake anapima mita. Akaisoma karatasi amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani.

"Mama Bluu, mama yangu. Huu si ushuhuda."

"Ni kweli yote."

"Sijasema ni uongo. Ushuhuda una ushindi. Nilikuwa mgonjwa, nikapona. Sikuwa na kazi, nikapata. Huu wako unaishia kaburini. Nani atapiga makofi?"

"Asipige mtu."

"Na mtoto? Umemfikiria mtoto?"

"Miaka minne namfikiria yeye. Ndiyo maana nimenyamaza."

Mwenyekiti akaikunja karatasi mara nne, akamrudishia. "Nenda kaombe tena."

"Nimeshaomba," Mama Bluu akasema, na tukatoka.

Jumapili ya akina mama nilimpitia mapema nyumbani kwake. Kipusa alikuwa amekwisha kuvaa, anarukaruka uani akikariri wimbo ambao watoto wangeuimba siku hiyo. Mlangoni palikuwa na begi. Nikalifungua kidogo. Nguo zote za mtoto, zimekunjwa, zimepigwa pasi hadi soksi.

"Za nini hizi?"

"Wakimchukua, asiondoke na nguo zenye makunyanzi."

Nilimwambia, "Shoga, bado hujachelewa. Tunaweza kwenda tukasikiliza neno tukarudi." Akamfunga Kipusa kamba za viatu, polepole, akizirudia mara mbili, tukaondoka.

Fundi na mamake walikuwepo, wamekuja kumsikiliza mtoto akiimba. Watoto wakaimba, watu wakapiga makofi, Kipusa akakimbilia mapajani kwa baba yake. Ukafika wakati wa ushuhuda. Mmoja alikuwa ameponywa mgongo. Mwingine mwanawe amefaulu mtihani. Makofi. Mchungaji akauliza kama yupo mwingine. Mwenyekiti akatutazama kutoka mbele, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemsihi mwenzake asivuke barabara.

Mama Bluu akasimama. Nilishika mkoba wake. Kutoka benchi letu mpaka mbele si mbali, lakini alitembea kama mtu anayepita kwenye maji ya kiunoni. Akafungua daftari. Alisoma bila kuinua macho, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watu wa nyuma wakasogea mbele.

"Bwana, mbele ya watu wako. Mimi nafua damu za watoto wa wenzangu na ninajua ipi ni nyingi. Ya mwanangu niliijua. Niliiosha kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu mikono yangu haijui kazi nyingine. Mashuka saba. Sista aliponiuliza nilisema mawili. Akaondoka kwa sababu nilimdanganya. Waliponiuliza wakubwa nilisema ameona kila kitu. Hakuona kitu. Mimi ndiye niliyeona. Bwana, mwanangu alikufa juu ya shuka safi. Sista hana kosa nililompa. Namrudishia jina lake mbele ya wale walionisikia nikimnyang'anya."

Akafunga daftari. Halafu Kipusa, ambaye amefundishwa kwamba mtu akimaliza kusoma mbele anapigiwa makofi, akaanza kupiga. Peke yake. Pa, pa, pa. Baba yake akaifunika ile mikono midogo kwa mkono wake mmoja.

Mamake fundi alikuwa amekwisha kusimama.

"Ulilia na sisi kaburini!" akasema. "Ulinishika bega, Mkwe, ukaniambia tumwachie Mungu! Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua," Mama Bluu akajibu.

"Na mimi nikaandika barua ile kwa mkono wangu! Umenifanya nimtukane mtoto wa watu miaka minne!"

"Ndiyo, Mkwe."

Mamake fundi akachukua mkoba wake. Wakatoka, fundi amembeba mtoto, mtoto anamwangalia bibi yake juu ya bega la baba na kuuliza kwa nini bibi haji. Mchungaji akaomba sala fupi ambayo naamini hata yeye haikumbuki. Baada ya ibada watu walipita mbali kidogo na benchi letu. Mama mmoja mzee akasema, tusikie, "Bora angenyamaza." Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuja. Alileta kikombe cha maji, akasimama pale mpaka Mama Bluu akakimaliza, akaondoka na kikombe chake.

Kesho yake jioni fundi alikuja kuchukua nguo. Nilikuwepo, nilikuwa nimemletea Mama Bluu uji asiotaka kuunywa. Fundi hakuingia ndani. Akaliona begi mlangoni, akaelewa, na nilimwona uso ukimlegea.

"Ulishafunga."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, mimi sikuchukii," akasema. "Nataka ujue. Ila nikikuona naona zile ndoo za mashuka. Ningekuja pale asubuhi ile nikakuta yale mashuka, ningembeba mgongoni mpaka hospitali. Ningekimbia."

"Najua ungekimbia."

"Halafu miaka minne umeniacha nimchukie mtu mwingine. Nilikuwa nikimwona barabarani natema mate, Mama. Mimi."

Mama Bluu alitaka kumshika mkono, akaurudisha. "Maziwa asipewe ya baridi," akasema. "Kifua chake chepesi."

"Sawa."

"Na analala taa ikiwaka."

"Sawa, Mama." Akalichukua begi, akaenda.

Miezi mitano imepita na Kipusa hajaletwa, hata Jumapili moja. Fundi na mamake sasa wanasali kwingine.

Jumatano ya wiki ile ile Sista alikuja chumba cha kufulia. Sisi tulizoea kumwona kwa mbali, na kwa karibu nilishtuka jinsi alivyokonda. Alisimama kati ya masinki na pasi, mikono mfukoni.

"Nimesikia umesoma," akamwambia Mama Bluu.

"Nimesoma, Sista."

"Faili langu nalipanga mimi mwenyewe, unajua? Limo chumbani mwangu. Karatasi yenye sahihi yako naijua kwa moyo. Aliona kila kitu." Akatazama maji sakafuni. "Ilifika mahali nikaanza kuamini. Nikasema labda damu niliiona kweli, nikaisahau. Nimekaa mle ndani nikijiona mtu aliyepofuka siku moja bila kujua."

Mama Bluu alipiga magoti pale pale kwenye maji. "Utanisamehe?"

"Sijui. Usiniulize leo. Na inuka, utaumwa." Alipoona hainuki, akachutama yeye, wakawa sawa. "Tena sikiliza, usinililie kama mtu asiye na doa. Mapigo yake yalikuwa yanakimbia. Nilihesabu kwa saa yangu. Nikatazama kile chumba kilivyo safi, nikaamini chumba."

Mimi niliacha pasi ikakaa juu ya foronya mpaka ikanukia kuungua. Hawakugeuka.

"Basi tulimwacha wote wawili," Mama Bluu akasema.

"Wote wawili."

Wakakaa vile, wamechutama, hawagusani. Halafu Sista akasimama, akajikung'uta.

"Alhamisi ni kliniki ya wajawazito. Mwenzangu anayewafundisha nimeshaongea naye. Utakuja na hilo daftari uwasomee."

"Wote?"

"Wote. Na wiki nyingine wanakuja wapya."

Mama Bluu alinitazama mimi, kisha akautazama mlango. Niliona woga ukimpanda tena kama siku ya kwanza, sijui kwa nini nilidhani ungekuwa umeisha. "Naomba kwanza nisali," akasema.

"Sali," Sista akajibu. "Saa mbili na nusu uwe umefika."

Barua ya kukanusha ile karatasi aliyoitia sahihi aliiandika usiku huo huo, tukaipeleka ofisini. Karani aliipiga muhuri, akasema itashughulikiwa. Mpaka naandika haya Sista yuko bado kwenye mafaili, na sijui kama atatoka. Kanisani alirudi mara moja. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Hakunisalimu, nami sikustahili salamu.

Alhamisi niliomba ruhusa nikamsindikiza. Tulipiga magoti kwanza nyuma ya mlango wa stoo ya mifagio, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kliniki ina mabenchi sita ya mbao, na siku hiyo yalikuwa yamejaa, wanawake wenye matumbo ya kila kimo, wengine wamekuja na mama zao. Mama Bluu akasimama mbele yao na aproni yake, akasoma. Alipofika kwenye mashuka saba, mama mmoja mtu mzima akamshika mwanawe mkono. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

Msichana mmoja wa benchi la mbele, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia kabisa, akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Bibi, sasa tusifue?"

"Msifue. Msitupe, msifunike. Yarundikeni hapo mlangoni, nesi ayavuke ndipo aingie."

"Mama yangu atasema ni aibu."

"Atasema."

"Sasa mimi nimwambie nini?"

Mama Bluu alifikiri. Alikuwa amelishika daftari kwa mikono miwili, vidole vimekunjamana kwa maji kama kawaida yake.

"Mwambie aje aniulize mimi. Niko chumba cha kufulia, nyuma ya jiko, kila siku isipokuwa Jumapili."

Msichana akaazima kalamu kwa mwenzake, akaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki.

Mpaka leo wameshakuja akina mama wanne. Husimama mlangoni, wanatazama mvuke, hawajui waanzie wapi. Mmoja alikuja kugombana kabisa, akasema tunawatisha watoto wake. Mama Bluu hajibizani nao. Hufumba macho kidogo, nami najua anaomba miguu. Kisha hukausha mikono, hulifungua daftari, na mimi huzima mashine ili asikike.